Rangi ya Shibe

Madamu alikuwa hatoki darasani mpaka aulizwe swali. Kengele ikigongwa, walimu wengine wanakusanya vitabu na kuwahi chai, yeye anakwenda kusimama mlangoni, chaki mkononi, mwili wake mpana umeziba njia yote. "Hatoki mtu mpaka nipate swali." Na kweli alikuwa hatoki mtu. Harufu ya maandazi inapita dirishani, matumbo yananguruma, tunatazamana. Mwishowe darasa likazoea kunisukuma mimi, maana nilikuwa hodari wa maswali mafupi.

"Madamu, haidra ana mkia?"

"Hana."

"Ahsante, Madamu." Tunatoka mbio.

Alitufundisha bailojia katika shule moja ya sekondari huku Temeke, shule ya mabati na madawati ya kugombania. Mimi leo ni fundi makochi Keko, na ukiniuliza nimebaki na nini katika yote niliyofundishwa pale, hesabu zimeruka, historia imechanganyikana, lakini wanyama wa Madamu ninao wote. Haidra, konyeza, matumbawe, na yale maua ya bahari ambayo si maua, ni wanyama wenye mdomo na njaa. Mada nyingine alizifundisha vizuri, sikatai. Hii alikuwa anaifundisha huku amevua saa na kuiweka mezani kifudifudi, ili asijue muda unavyokwenda.

Alichora ubaoni mfuko. Juu ya mfuko akachora vidole vimezunguka tundu moja. "Huyu ndiye mnyama mwenyewe," akasema. "Mfuko na vidole. Ukimkuta anaelea, mfuko umegeuzwa chini, huyo konyeza. Ukimkuta amekaa, mfuko unatazama juu, huyo tumbawe au ua la bahari. Ubongo hana. Moyo hana. Mfupa hana. Tundu ni hilo moja."

Nyuma kabisa kuna jamaa akanyoosha mkono. "Kwa hiyo, Madamu, anakula hapohapo na ananya hapohapo?"

Darasa likaanguka chini kwa kucheka. Madamu hakutingishika. "Hapohapo," akasema. "Na yuko duniani tangu kabla ya dinosaria. Wewe umepewa matundu mawili na mtihani wa mwezi umeniletea karatasi tupu."

Ndivyo alivyokuwa. Fimbo hakushika hata siku moja, katika shule ambayo fimbo zilikuwa zinaning'inia ofisini kama makoti. Alikuwa anauma kwa mdomo, na akishakuuma amesahau, kesho anakuuliza mama yako amepona.

Siku ya kutufundisha jinsi konyeza anavyowasha, alinituma nyumbani nikamwombee mzee wangu springi moja ya kochi. Mzee ndiye aliyekuwa na banda pale Keko kabla yangu. Madamu akaikandamiza springi ndani ya kopo la maziwa ya unga, akafunika, akaliweka mezani. Akaeleza kwamba kila uzi wa konyeza umejaa vichupa vidogo visivyoonekana kwa macho, na ndani ya kila kichupa kuna mshale uliosokotwa na sumu yake. Halafu akamwita dada mkuu wa darasa aguse kifuniko. Springi ikaruka ikagonga bati, dada mkuu akapiga kelele zikafika ofisi ya mkuu wa shule.

"Mmeona?" Madamu akasema. "Konyeza hakuchukii. Hana hata cha kukuchukia nacho. Umemgusa, kichupa kimefunguka, basi. Hata akiwa amekufa mchangani, vichupa havijui kama mwenyewe kafa."

Nakumbuka na siku ya ndoo. Alikuwa amewaomba vijana wa soko la samaki wamletee konyeza mzima, akambeba kwenye ndoo ya maji ya bahari kutoka Feri mpaka shuleni, akamweka chini ya meza darasani kwetu. Kipindi chetu kikasogezwa mpaka mchana kwa sababu ya mgeni fulani wa ukaguzi. Mnajua joto la bati la Temeke mchana. Wa zamu ya usafi alipofika akaona ndoo ina maji machafu yenye kitu kama nailoni, akaimwaga nje kwenye maua, akaiosha vizuri na kuirudisha. Madamu alipoinama chini ya meza akakuta ndoo inang'aa. Alikaa nayo mapajani kwa muda, uso umemshuka, na nilimwonea huruma. Kisha akacheka, akacheka mpaka akavua miwani. "Haya, kaeni. Leo mmejifunza konyeza ni nini. Karibu mwili wote ni maji, na mwenzenu amethibitisha."

Jambo lililotushangaza wote, na tulilijua taratibu, ni kwamba mama huyu alikuwa anaiogopa bahari. Si kuogopa kuogelea, maana hata mimi mtoto wa mjini nilijifunza ukubwani. Alikuwa hakanyagi maji. Safari za shule za kwenda pwani aliziandaa yeye, akaomba basi yeye, akapika pilau yeye, tukifika anatafuta kiti mbali kabisa na maji na kutuelekeza kwa kidole kama askari wa barabarani. Akitaka kwenda Kigamboni hapandi pantoni, anazunguka darajani hata kama pantoni liko mbele ya macho yake. Nikiwa mtu mzima nilimuuliza sababu.

"Sie kwetu Singida maji yoyote unayaona yanapoishia," akasema. "Haya yanaishia wapi?"



Lakini mwone siku ya Pasaka ile. Kwaya ya kanisa lao ilikwenda Kigamboni kupunga upepo, nami nilialikwa na familia yangu. Watoto wako majini, akina mama wanafungua mahotipoti, Madamu yuko kwenye kibanda chake nyuma, amevaa soksi, chupa ya chai miguuni. Ghafla mtoto mmoja wa kiume akatoka majini analia, paja lina michirizi myekundu. Watu wakajaa.

"Mpakeni mchanga!"

"Mmwagieni maji ya bomba hayo!"

"Dawa yake mkojo, mkojoleeni!" Na kijana mmoja wa besi, mtu wa kusaidia kweli, akaanza kufungua mkanda.

Sauti ya Madamu ikatoka nyuma kule, ile ya darasani. "Funga mkanda wako! Asimguse mtu! Nileteeni mtoto hapa na ndoo ya maji ya bahari!"

Nikakimbia na ndoo. Alimmwagia maji ya bahari taratibu, akaazima kibanio cha nyusi kwa msichana mmoja wa soprano, akaziondoa zile nyuzi moja baada ya nyingine. Halafu akafungua chupa ya chai, ambayo kumbe haikuwa na chai, ilikuwa na maji ya moto. Akayapooza kwenye beseni, akayapima kwa kiwiko chake mwenyewe, akamwambia mtoto aingize mguu. Huku anafanya hayo anatoa somo: ukisugua, ukimwaga maji baridi ya bomba, vile vichupa ambavyo bado havijafunguka unavifungua wewe mwenyewe. Mtoto akapunguza kilio, akaanza kwikwi, baadaye akaomba soda. Jioni nilipofikiria ndipo nilipogundua kwamba yote yale Madamu aliyafanya bila kusogea hata hatua moja kuelekea majini. Kila kitu aliletewa.

Nyumbani kwangu alikuja mara ya kwanza baada ya harusi yetu. Mke wangu alikuwa amepanga kabati la vyombo vizuri, na katikati ya glasi ameweka tumbawe jeupe kubwa alilonunua kwa wachuuzi. Madamu akalisimamia, kikombe cha chai mkononi. "Huyu kafa lini?" akauliza. Mke wangu akadhani anauliza habari za marehemu wa kwenye picha iliyokuwa pembeni, akaanza kueleza habari za babu yake. Siku tuliyokwenda kwake Yombo kumsalimia, tukakuta mlango wa sebule umewekewa tumbawe jeupe ili upepo usiufunge. Mke wangu akanikanyaga mguu. Nami sikukaa kimya.

"Madamu, na huyu je?"

"Kaniachia mwanafunzi," akasema bila aibu. "Sasa nimtupe? Nitamzika wapi?"

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, mimi nilipata sifuri. Siipambi. Mzee alikaa siku kadhaa bila kusema nami, na hasira yake yote ilikuwa inaishia kwenye misumari. Mchana mmoja Madamu akatokea Keko, juani, na mkoba wake, akajikalisha kwenye kochi lisilo na kitambaa katikati ya vumbi la mbao. Nilijificha nyuma ya makabati lakini nilisikia yote.

"Mzee, huyu kijana hajafa. Amepauka tu."

Mzee akaacha nyundo. "Amepauka nini, Mwalimu?"

"Tumbawe ndani yake ana vijimea vidogo vinavyomlisha. Ndivyo vinavyompa rangi yake. Maji yakipata joto sana anavitema, anabaki mweupe kabisa. Mtu akimwona anasema huyu kesha kufa. Hajafa, ana njaa. Maji yakipoa mapema, vijimea vinarudi na rangi inarudi. Yakichelewa kupoa, ndiyo anakufa kweli."

Mzee akafikiria. Alikuwa mtu wa sponji na gundi, habari za bahari hakuwa nazo. "Sasa, Mwalimu, huyu nimpooze vipi?"

"Mpe kazi. Na hizo kelele punguza."

Kesho yake mzee alinikabidhi mkasi wa kukatia kitambaa. Hakuniambia neno juu ya sifuri mpaka alipofariki. Nimefundisha vijana wengi tangu hapo, na kila mmoja akiharibu kitambaa cha mteja nashusha pumzi kwanza ndipo nafungua mdomo.

Alistaafu. Akawa anapita Keko mara mojamoja, anakaa, ananitania kwamba makochi yangu ni mazuri kuliko mwandiko wangu. Mwaka jana alikuja, na wakati anaingia akagonga bega kwenye fremu ya kitanda iliyokuwa imesimama wazi kabisa upande wake wa kushoto. Akasogea, akagonga na upande wa kulia. Nikamshika mkono nikamkalisha.

"Shikamoo, Madamu. Vipi tena?"

"Marahaba. Presha ya macho," akasema. Akaweka viganja viwili pembeni ya uso, kama farasi aliyefungwa macho. "Huku na huku kumefungwa. Naona katikati tu. Daktari kanipa matone, anasema yatachelewesha. Kilichokwenda hakirudi."

Nikamwagizia soda. Akainywa nusu, akaitazama chupa.

"Unajua kinachonikera? Nimefundisha tumbawe kazi yangu yote. Nimemchora, nimempaka rangi za chaki, nimesahihisha michoro yake. Akiwa hai sijamwona hata mmoja. Nimewaona maiti. Wa kwangu mlangoni na wa kwako kabatini."

"Tutakwenda, Madamu."

"Umesikia redioni? Maji yalipata joto sana. Wavuvi wa Kigamboni wanasema mwamba ulipauka, mweupe kama chokaa." Akaweka chupa chini. "Naogopa macho yangu na wao wanashindana nani ataondoka kwanza."

Siku hiyo sikushona tena.

Nilichoweza kufanya ni kazi ya mikono. Nilichonga sanduku la mninga, juu wazi, chini nikalitia kioo kizito na kulizungushia silikoni ya kutosha, pembeni vishikio viwili. Ukiliweka juu ya maji ukachungulia ndani, unaona chini bila kulowesha uso. Kwa vile siwezi kutoa kitu Keko hakijang'aa, nikalipiga na vanishi mara mbili. Nilipompelekea, alilipapasa kila pembe.

"Zuri," akasema. "Umenitengenezea jeneza la mtoto."

Tukacheka mpaka mke wangu, niliyekwenda naye, akaja kutoka uani kuuliza kuna nini.

Tulisubiri maji ya bamvu, siku ambazo bahari inakwenda mbali na mwamba unabaki nje, hata mtu asiyejua kuogelea anaweza kuufikia kwa miguu. Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja wa Kigamboni anayemuuzia mke wangu pweza. Asubuhi tukazunguka darajani, bila shaka. Madamu alikuwa amevaa raba za mwanawe na gauni la kitenge lililokunjwa mpaka magotini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona magoti ya mwalimu wangu, nikaangalia pembeni.

Mchanga mkavu alitembea vizuri. Yalipoanza maji ya vifundoni, akasimama. Nilidhani anapumzika. Kumbe miguu imekataa. Alishika sanduku kwa mikono miwili kifuani, midomo imebana, anatazama mbele kule kusikoisha.

"Tunaweza kurudi, Madamu," nikamwambia.

Hakunijibu mimi, alimgeukia mama wa pweza. "Yanaanza kujaa saa ngapi?"

"Bado sana, mwalimu. Mie mwenyewe sijamaliza kuokota hapa, ntaondokaje?"

"Na tunakanyaga wapi? Sitaki kumkanyaga mtu."

"Mtu gani tena?"

"Tupitishe kwenye mchanga mtupu."

Mama wa pweza akanitazama, nikamkonyeza kwamba atii tu. Akatangulia, akitafuta njia za mchanga kati ya mawe, na Madamu akamfuata hatua kwa hatua, macho yamebandikwa kwenye kanga yake. Tukafika kwenye kidimbwi kipana, maji chini kidogo ya magoti, safi kabisa. Akaliweka sanduku juu ya maji. Likaelea. Akalishika vishikio, akainama.

Wa kwanza alikuwa mfu. Hata mimi nilimwona, jiwe la kijivu lenye ukungu wa majani. Wa pili mfu. Madamu akasogeza sanduku taratibu, bega kwa bega na mama wa pweza. Wa tatu alikuwa amevunjika vipandevipande. Nikaanza kumlaumu moyoni yule mtu wa redio, na mimi mwenyewe kwa kumleta.

Kisha akaacha kusogea. Akainama zaidi, kipaji cha uso karibu kinagusa ukingo wa sanduku.

"Madamu?"

"Njoo uone."

Nikachungulia. Kusema kweli nilisikitika. Nilitegemea mekundu, zambarau, mambo ya kwenye kalenda. Nilichoona ni kitu cha mviringo, upande wa juu mweupe, upande wa chini kahawia, rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana.

"Ni kahawia tu, Madamu," nikasema.

"Kahawia!" akapiga kelele. Alinishika shati. "Kahawia, kijana! Hiyo ndiyo rangi ya shibe! Ndivyo vijimea vyenyewe vimerudi. Tazama mpakani pale, hapa mweupe, hapa kahawia hafifu, hapa kahawia iliyokolea. Inapanda. Anakula! Alipauka, na anakula!"

Akarudi kwenye kioo. Nilimsikia anaongea peke yake, anavitaja, kinywa, vidole, kinywa, vidole, kwa sababu juu ya ule upande wa kahawia kulikuwa na vidole vidogo vingi vinapepea, vile vile alivyokuwa anavichora. Machozi yalikuwa yanadondoka ndani ya sanduku, juu ya kioo changu, naye anayafuta kwa kiganja na kulalamika kwamba yanamzibia. Mwenzake wa pembeni naye kahawia. Na wa nyuma yake. Wengi walikuwa wamekufa, siwezi kudanganya, lakini waliobaki walikuwa wanapata rangi.

Mama wa pweza akaomba naye achungulie. Akatazama muda mrefu, kisha akasimama, mkono kiunoni. "Kumbe vina midomo? Miaka yote hii nakanyaga vitu vina midomo?"

Hapo ndipo Madamu alipoanza. Alieleza mfuko na vidole. Alieleza tundu moja, na mama wa pweza akaangua kicheko kile kile cha darasa letu. Alieleza vichupa, alieleza springi, akaninyooshea kidole kwamba springi ilitoka kwa baba wa huyu. Mikono inakwenda hewani, gauni limelowa, raba zimezama mchangani. Kwa mbali nikaanza kusikia bahari inarudi. Maji yakamfika magotini. Yakapita magoti. Mimi ninayejua kuogelea nilikuwa natazama nyuma kupima njia ya ufukweni, na yeye alikuwa hatazami popote isipokuwa uso wa mwanafunzi wake mpya.

"Mwalimu," mama wa pweza akasema, "sasa yameanza kuja. Muda upo, ila yameanza."

Madamu akatazama maji yaliyomzunguka mapajani, kama ndiyo kwanza anayaona. Nilisogea nimshike mkono. Akaukataa. Akalikumbatia sanduku, akajipanga vizuri pale pale mbele ya ile njia ya mchanga, mwili wake mpana umeiziba yote.

"Hatoki mtu," akasema, "mpaka nipate swali."

Yalikuja mengi mafupi kichwani, nimeyazoea. Nikayaacha yote yapite, nikatafuta moja lenye jibu refu, nikanyoosha mkono.

"Madamu," nikasema, "mwamba wote huu ulianzaje?"